Bríd Binti Máirtín Bodhar

Dorchester, Boston
Januari 8, 1984

Mpendwa Mama Mdogo Sorcha,

Mungu akubariki wewe na wote walio chini ya paa lako, hata yule paka unayesema ni mwizi. Sisi hatujambo. Theluji imefunika gari langu mpaka vioo, na kila asubuhi natangulia kulifukua ndipo niende karakana ya treni. Eileen yuko salama. Binti yetu Neasa ametimiza miaka minne.

Haya, nieleze misa ya Mama ilikuwaje. Nimeingoja barua yako tangu Krismasi na sasa nimechoka kungoja. Unajua nilivyomwahidi. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Mnizike hapa hapa, gharama ya ndege msijitafutie. Lakini watu wangu kule kijijini Aird Bheag wanitaje wakiniombea, na jina langu liandikwe kwenye jiwe la kaburi la baba." Hayo tu ndiyo aliyoniomba mama yangu, yeye ambaye hakuwahi kuomba kitu.

Nilipiga simu mimi mwenyewe kwenye redio ya huko inayotangaza vifo. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana, akaandika kila nilichosema: Bríd Ní Chualáin, wa Boston, mzaliwa wa Aird Bheag, misa ya kumwombea ni Jumapili. Kisha nikampigia padri. Jumapili ile nilikaa mezani na chai ikanipoa mkononi, nawaza, sasa hivi kanisa limejaa, sasa hivi wanamtaja. Nililia, sioni haya kukwambia.

Nani walikuja? Niambie wote.

Mwana wa dada yako,
Colmán


Aird Bheag
Februari 2, 1984

Mwanangu Colmán,

Amani ya Mungu iwe nyumbani kwako. Jana ilikuwa Sikukuu ya Mtakatifu Brigid, nikasuka msalaba wa mafunjo kama kawaida na kuutundika juu ya mlango. Mvua haijakatika tangu mwaka uanze. Kuku wamegoma kutaga, nami nimewaambia kwamba supu haihitaji mayai.

Kuhusu misa, sijui nianzie wapi. Iliharibika. Usiangue kilio bado, ngoja nimalize.

Wewe ulisema Bríd Ní Chualáin. Huku kina Bríd Ní Chualáin ni wengi kama viazi. Mimi redio sikuisikia siku hiyo, lakini Nan wa posta ameniambia baadaye, misa ikiwa imekwisha, kwamba watu walitazamana wakaulizana, Bríd yupi huyo? Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Bríd Tom Rua wa barabara ya juu alikwenda Boston kumwona mwanawe. Basi, shauri likaisha. Wakafungua nyumba yake, wakawasha moto, wakasimamisha saa ya ukutani na kufunika kioo, kama ilivyo desturi ya matanga. Wakaleta nyama ya nguruwe, mikate ya zabibu na wiski, wakapiga magoti kusali rozari.

Bríd Tom Rua mwenyewe alirudi jioni ile ile, Jumamosi. Aliona moshi kwenye bomba la nyumba yake tangu mbali. Alisimama mlangoni na masanduku yake akauliza, "Jamani, nani amekufa?" Mzee Beairtle akamjibu bila kugeuka, "Wewe."

Kesho yake padri, ambaye ni mgeni na hamjui mtu, akatangaza misa ya roho ya marehemu Bríd Ní Chualáin, na Bríd Tom Rua ameketi benchi la mbele na kofia yake. Niliona mabega ya watu yakitikisika kanisa zima. Mimi peke yangu ndiye niliyemlilia dada yangu. Waliniona nafuta macho wakadhani ni mafua.

Ungesema Bríd Mháirtín Bhodhair, yaani Bríd wa Máirtín Bodhar, kanisa lisingetosha. Kwa nini hukusema? Au hakuwahi kukwambia anaitwaje?

Peadar fundi mawe atapanda makaburini hali ya hewa ikitulia. Anataka kujua achonge nini. Mwandikie jina hivyo hivyo nilivyokuandikia.

Busu kwa mtoto. Barua nzima umemtaja kwa sentensi moja.

Mama yako mdogo,
Sorcha


Dorchester
Februari 19, 1984

Mama Mdogo,

Nakusalimu, nami nimeduwaa. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikacheka mpaka pale pa mafua, nikashindwa kuendelea.

Hapana, hakuwahi kuniambia. Mama hapa alikuwa Bi Hanrahan, na kabla ya hapo Bríd Ní Chualáin, basi. Máirtín Bodhar nimemsikia kwako wewe. Máirtín najua ni babu. Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi, na imeandikwa *bodhar*: kiziwi.

Kiziwi vipi? Mama amenisimulia maisha yangu yote jinsi babu alivyopiga akodioni. Alisema mtu akiimba vibaya ng'ambo ya ghuba, babu alikuwa anamrekebisha. Kiziwi gani huyo? Je, ni utani wenu, kama mnavyomwita mnene "mwembamba"? Au palikuwa na kiziwi kweli? Ninauliza kwa sababu ninayo sababu.

Tafadhali nenda posta Jumapili ya pili ya Machi baada ya misa. Nitapiga simu pale kwa Nan, tuongee kwa mdomo. Barua zinakwenda kwa mwendo wa punda.

Colmán


Aird Bheag
Aprili 25, 1984

Mwanangu,

Natumaini Pasaka imewakuta wazima. Huku tumepanda viazi, na mtoto wa Peadar ameanguka kutoka kwenye mti akavunjika mkono. Mboji ya mwaka jana, ile tunayoichoma badala ya kuni, inakaribia kwisha, itabidi tukakate nyingine udongo ukikauka. Bríd Tom Rua amenichukia. Anasema tangu siku ile kila anayekutana naye njiani anafanya ishara ya msalaba.

Posta sikwenda. Goti lilikuwa linaniuma. Na ile Jumapili nyingine uliyomtuma Nan aniambie, ng'ombe alikuwa anazaa. Simu siipendi, mwanangu. Simu ni ya habari mbaya, na habari mbaya hata kwa barua zinafika.

Umeniuliza kuhusu Rua, yaani mwekundu, kwamba je, Tom alikuwa na nywele nyekundu. Hukuuliza? Basi nimechanganya na swali la mtu mwingine. Lakini nikujibu: Tom alikuwa na upara tangu ujana. Mwekundu alikuwa babu yake. Neno likishaingia nyumbani huku halitoki, hurithiwa kama ghala.

Peadar anangoja.

Sorcha


Dorchester
Mei 13, 1984

Mama Mdogo Sorcha,

Pole kwa goti, na hongera kwa ndama. Sasa nami nikwambie yangu, maana hukunijibu hata moja.

Nimejiandikisha darasa la jioni la lugha ya wazee wetu, pale ukumbini nyuma ya kanisa. Mwalimu anaitwa Ó Loinsigh, mtu wa Kerry, mpenda maneno kupita chakula. Nilimwuliza neno moja tu, *bodhar*, nikatoka na kichwa kinauma. Anasema ni neno la zamani mno, hata India ya kale walikuwa na ndugu yake, lenye maana ile ile. Anasema yasemekana Waingereza walilibeba kutoka kwetu wakalifanya neno lao la kusumbuana, *bother*. Nikamwambia hilo naamini, maana limenisumbua mimi.

Kisha akaanza kuligeuza ubaoni. Mwanamume ni Bodhar. Mwanamke ni Bhodhar, ile B inalainika kinywani mpaka inakaribia W. Ukisema kitu ni *cha* huyo mwanamume, mkia nao unabadilika: Bhodhair. Wakiwa wengi ni *bodhra*. Akizidi mwenzake, *níos bodhaire*. Halafu akasema mguu ukifa ganzi nao ni *bodhar*, na maji yaliyotuama bila kutiririka, na kishindo kizito kisicho na mlio. Na mtu akikuchosha kwa maneno unamwambia amekufanya uwe hivyo. Nikarudi nyumbani nikiwa sijui kama ukoo wangu ni viziwi, ni ganzi, ni maji ya dimbwi, ama ni watu waliochoshwa na maneno ya jirani.

Kwa hiyo nimekata shauri. Mwambie Peadar achonge "Bríd Ní Chualáin, 1928–1983", basi. Sitaki kasoro ya mwili ya mtu nisiyemjua iandikwe juu ya mama yangu. Yeye mwenyewe hakulitumia neno hilo hata siku moja. Lazima alikuwa na sababu.

Na jibu swali langu, nakuomba. Palikuwa na kiziwi nyumbani kwenu, au hapakuwa?

Colmán


Aird Bheag
Juni 30, 1984

Colmán,

Heri ya siku. Mboji imekatwa na kuanikwa. Mgongo haunitaki.

Nilimpelekea Peadar maneno yako. Alivua kofia akajikuna, akasema, "Nitachonga, lakini nani atajua ni nani?" Kwenye makaburi yale kuna kina Bríd Ní Chualáin watatu tayari, na kila mmoja ana neno lake. Herufi za baba kwenye jiwe lile mvua imezila, basi wako atakuwa wa nne asiye na kwao. Atakayepita pale hatasimama kumwombea, atadhani ni wa watu wengine. Mwaka huu ukiisha tena hivi, utakuwa umemwahidi mama yako na hukumtimizia. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu ni dada yangu.

Unasema kasoro. Nani amekufundisha kusema hivyo? Kuna Pádraig Cam kijiji cha pili, mgongo wake umenyooka kama mlingoti, aliyepinda ni baba wa babu yake, na akiitwa anaitika kwa furaha. Wewe una shule, mimi sina, lakini mtu hakasiriki namna hii kwa ajili ya neno la kwenye kamusi. Kuna kinachokuuma, nawe unanificha.

Na mtoto je? Kila barua: Neasa hajambo, Neasa amekua. Anasema nini? Anaimba? Mama yako katika miaka yake miwili ya mwisho aliacha kabisa kunihadithia maneno ya mjukuu wake, naye hakuwa mtu wa kuacha kujisifu. Niambie.

Sorcha


Dorchester
Julai 15, 1984

Mama Mdogo,

Haya. Nakwambia.

Neasa hasemi kitu. Hasikii. Tuligundua alipokuwa na miaka miwili. Nilidondosha sufuria jikoni, mimi mwenyewe nikaruka, yeye akaendelea kucheza na vijiko vyake. Daktari alimpima akasema ni tangu kuzaliwa, kisha akatuuliza kama kuna kiziwi kwenye familia. Kwa Eileen hakuna. Mama alikuwa ameketi pale, mkoba wake magotini. Daktari akamgeukia. Mama akasema, "Hapana, daktari. Kwetu hakuna hata mmoja."

Tangu hapo mimi na Eileen tumekuwa tukitafuta tulikosea wapi. Alianguka? Ni ile homa? Ni dawa aliyomeza Eileen akiwa mjamzito? Tumelaumiana, Mama Mdogo, usiku na mchana, na Eileen aliwahi kwenda kwao wiki nzima. Kisha unaniandikia kwamba mama yangu anaitwa binti wa Máirtín Kiziwi, na ukiulizwa unaniambia habari za ng'ombe.

Watu hapa wanamwinamia Neasa wanapiga kelele kana kwamba yuko chini kisimani. Wengine wanauliza mbele yake, "Ana nini huyu?" Mimi namwita. Najua hasikii, lakini ndani ya nyumba namwita tu, Neasa, Neasa, na mgongo wake haugeuki.

Sielewi tena nimkasirikie nani. Nimemkasirikia mama yangu naye amekufa. Sasa nijibu.

Colmán


Aird Bheag
Agosti 9, 1984

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikaisoma tena. Nimelia, na paka alinitazama.

Palikuwa na kiziwi, na mwingine, na mwingine.

Babu yetu Colm, ambaye ndiye uliyerithi jina lake, alizaliwa hasikii. Ndiye Bodhar wa kwanza. Mwanawe Máirtín, baba yetu, alirithi neno hilo huku masikio yake yakiwa kama ya sungura, na hiyo akodioni ni kweli, mama yako hakukudanganya. Lakini alipofika miaka hamsini yakaanza kufunga, na alikufa hasikii hata radi. Mama yako alikuwa Boston tangu zamani, hakuyaona hayo.

Mimi yamenifunga nikiwa na miaka arobaini. Ndiyo, mimi. Simu ya Nan itanifaa nini? Goti langu ni zima kabisa. Yote niliyokuandikia kuhusu Bríd Tom Rua nilisimuliwa, Nan alisimama mbele yangu nikamsoma midomo, na mengine akaniandikia nyuma ya karatasi ya mkate.

Sikukwambia kwa sababu niliapa. Mama yako aliposwa akiwa na miaka kumi na minane na kijana mmoja wa kisiwani, naye alimpenda. Mama wa kijana akatuma mtu kusema hataki uziwi mlangoni kwake. Mwaka uliofuata Bríd alipanda meli. Bandarini alinishika mabega akaniambia, "Kule hakuna anayejua, Sorcha. Niapie hutamwambia mtu yeyote wa Amerika." Nikaapa. Nilimtunzia siri yake maisha yangu yote, hata pale uliponibana, lakini mtoto wako hawezi kulipia kiapo changu.

Mbele ya yule daktari aliogopa. Aliogopa Eileen atasema yale aliyosema mama wa yule kijana. Mkasirikie mama yako kidogo, una haki, kisha uache. Na mwambie Eileen kwamba hakumeza chochote kibaya wala hakumwangusha mtoto. Mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nisikilize. Huku hakuna anayelisikia neno hili kama tusi isipokuwa yule mwanamke mmoja, naye amekwisha kufa. Mtu akisema Máirtín Bodhar, watu wanaona nyumba hii, mlango wa kijani, baba yangu na akodioni yake. Njooni Novemba kwa misa ya mwaka, na mje na mtoto. Mkifika msibishe hodi, nitakuwa nimegeukia moto na sitasikia kitu. Kuna ubao mpana pale kizingitini. Upigeni mguu mara mbili. Aird Bheag nzima hufanya hivyo kwenye nyumba hii tangu enzi za babu Colm, hata padri mgeni amefundishwa. Kishindo chake nakisikia kwa nyayo.

Na achonge nini Peadar? Uamuzi ni wako. Sitasema tena.

Sorcha Bhodhar


Dorchester
Desemba 9, 1984

Mama Mdogo wangu,

Tumefika salama. Eileen anakushukuru kwa soksi, na mimi kwa ile chupa ambayo forodha hawakuiona. Amelala vizuri tangu turudi. Alikuwa hajalala hivyo miaka miwili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa kanisa lile. Nilipolitaja jina lote redioni, yule dada alisema, "Eh, kumbe ni huyo? Mama yangu alisoma naye." Na watu walikuja mpaka wengine wakasimama nje kwenye mvua. Padri aliposema Bríd Mháirtín Bhodhair niliona vichwa vinatikisika, vinasema ndiyo, ndiyo, tunamjua. Bríd Tom Rua alilia kuliko mimi. Aliniambia baadaye kwamba anamlilia Mama, na kidogo anajililia mwenyewe, kwa kuwa safari ile wengi walimlilia haraka haraka.

Jiwe nalo ni zuri. Peadar alichonga herufi zote kwa kina kimoja, na neno lile limekaa pale kama maneno mengine.

Lakini ninachotaka kukwambia ni hiki. Jioni ile watu walipokuja nyumbani kwako, kila mmoja alipiga mguu ubaoni, *du, du*, kabla ya kuingia. Neasa alikuwa ameketi sakafuni karibu na moto, viganja vyake juu ya mbao. Mara ya kwanza alitazama mikono yake kana kwamba imemwambia kitu. Mara ya tatu aliutazama mlango kabla mtu hajaingia. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Mzee Beairtle alimgusa bega, akaja mbele, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, ndipo akasema habari zake, taratibu, kama anavyosema na wewe. Neasa alimtazama midomo, akamshika masharubu. Eileen alitoka nje. Nilimfuata nikidhani amekasirika, nikamkuta anacheka na kulia pamoja.

Huku nako kumekuwa vurugu. Neasa hawezi tena kuingia jikoni bila kupiga mguu mara mbili, na anangoja mpaka ugeuke. Jirani wa chini, Bwana Petrakis, amepanda ngazi mara mbili kulalamika. Nimemwambia ni desturi ya ukoo, azoee tu.

Jana alasiri alikuwa dirishani anatazama theluji, amenipa mgongo. Nilitaka aje ale. Nikafungua mdomo kumwita kama nilivyozoea, nikaufunga. Nikapiga mguu sakafuni, mara mbili.

Akageuka.

Mwanao,
Colmán